Swali la Saba

Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya jikoni, kati ya dirisha na jiko la gesi, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokamata vizuri. Kitufe cha herufi N kiling'oka zamani, na mahali pake palibandikwa kipande cha plasta ya kidonda. Siku hiyo ya Jumanne, saa nane u nusu mchana, binti alikuwa kwenye kozi ya tatu kati ya kozi kumi na nne za usalama melini. Mama yake alikuwa upande wa pili wa meza akipiga pasi makoti meupe ya wauguzi, kazi aliyoichukua kutoka hospitali ya jirani. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Baba akaingia, akavua buti, akazipanga sambamba juu ya gunia kama alivyozoea, kisha akasema, "Hodi."

"Hodi gani, na umeshaingia?" mkewe alisema.

Baba alikuwa amekufa miezi mitano iliyopita ndani ya tangi la meli, na wote wawili walikuwa wamehudhuria mazishi. Alivaa ovaroli yake ya rangi ya machungwa, mabegani imejaa vumbi la kutu. Mkewe aliyasogeza makoti ya wauguzi mbali naye yasichafuke.

"Shikamoo, baba," binti alisema.

"Marahaba, Kepteni." Ndivyo alivyomwita tangu akiwa na miaka sita. Alivuta kiti, akakaa, akaitazama kompyuta. "Nimekuja kufanya kozi," alisema.

Alikuwa serahangi, yaani kiongozi wa mabaharia wa sitaha, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Alijua kuifunga meli gatini kwa kamba huku upepo ukimsukuma, na alijua kwa kugonga nyundo mahali chuma kilipoliwa na kutu chini ya rangi. Miaka yake ya mwisho kampuni ilileta mafunzo ya kompyuta. Kila baharia alipewa jina la kuingilia na neno la siri, akaambiwa asome kwa wakati wake na kwa kasi yake, awe nyumbani au melini. Melini mtandao ulitosha barua za nahodha tu. Nyumbani mabaharia walikaa wiki tatu kati ya safari na safari, na wiki hizo walizitumia kulala na kuziba paa. Basi karani wa mafunzo ofisini akakusanya maneno yote ya siri kwenye daftari moja, na kila wakaguzi walipokaribia kuja alizifungua akaunti za watu na kuwamalizia kozi. Serahangi alimwandikia la kwake kwenye kipande cha karatasi, amesimama chini ya ngazi ya meli, zimebaki dakika thelathini kung'oa nanga. Kumbukumbu za ofisi zilionyesha kwamba alimaliza kozi zote kumi na nne mchana mmoja, kwa alama tisini na sita. Mchana huo alikuwa baharini, akikaza minyororo ya makontena kwenye mawimbi.

Mwezi uliofuata rafiki yake, baharia mwembamba waliyemwita Kijiti, aliingia ndani ya tangi kuchukua brashi aliyoisahau. Tangi hilo lilikuwa limefungwa miezi mitatu, na kutu ilikuwa imekula hewa yote safi iliyokuwemo. Serahangi alimulika tochi kutoka juu, akamwona mwenzake amelala chini ya ngazi, akashuka kumfuata. Waliwatoa wote wawili jioni.

Kampuni iliandika barua. Ilisema kwamba marehemu alikuwa na mafunzo kamili, na kwamba kilichotokea kilitokana na uzembe wake mwenyewe. Mkewe aliiweka barua hiyo kwenye droo ya vijiko, na kwa hiyo aliiona mara tatu kwa siku.

Binti alifunga ukurasa wake, akafungua akaunti ya baba. Skrini iliandika asilimia mia, kwa rangi ya kijani. Baba aliitazama kwa muda, kisha akaigusa kwa kidole. Namba ikaanza kushuka bila haraka, kama maji yanavyoshuka kwenye kipimo, mpaka ikafika sifuri na kusimama.

"Hapo sawa," alisema. "Tuanzie hapo."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila mchana saa nane u nusu na kuondoka saa kumi, isipokuwa Jumapili. Binti alisoma kozi zake asubuhi, na mchana alimwachia kompyuta, akakaa pembeni yake kumsaidia kwenye herufi N. Juu ya kila ukurasa paliandikwa: Jifunze kwa kasi yako. Baba aliyapenda maneno hayo. "Hapo wamesema kweli," alisema, na akabonyeza kwa kidole kimoja, kinene, kilichopinda tangu kibanwe na kamba mwaka binti alipoanza shule.

Hakuwa mwanafunzi mkimya. Katika video kulikuwa na sauti ya mwanamke asiyechoka, na serahangi alibishana naye.

"Vaa kofia ngumu kila wakati," mwanamke alisema.

"Kila wakati? Hata chooni?"

"Baba, hakusikii," binti alisema.

"Angekuwa anasikia ningemwambia mambo mengi." Hapo alisimamisha video, akamweleza binti yake yale ambayo mwanamke aliyaruka: kamba inayokaribia kukatika hutoa sauti gani, na kwa nini usimwamini mtu anayekuambia ni dakika mbili tu. Binti aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

Alipokuwa jikoni moto wa jiko ulisinyaa. Mara ya kwanza mkewe alidhani gesi imeisha, akautikisa mtungi, ukawa mzito. Baadaye aliona kwamba ni kutu ya mabegani mwa mumewe inayokula hewa. Basi kila mumewe alipokuja alifungua dirisha kwanza, akangoja moto usimame vizuri, ndipo akabandika sufuria. Ulikuwa utaratibu mzuri, na binti naye aliuzoea: dirisha, kungoja, kutazama moto, ndipo kazi.

Kozi ya nne ilihusu kuingia sehemu zilizofungwa. Serahangi alitazama video zake zote mara mbili, akiwa amekunja mikono, bila ubishi. Halafu yakaja maswali kumi na mawili. La saba liliandikwa hivi: Umesimama kwenye mlango wa tangi. Mwenzako ameanguka ndani na hajibu. Utafanya nini kwanza?

Akachagua jibu A: Nitaingia haraka nimtoe.

Skrini ikawa nyekundu. Asiyelipata swali hilo hakufaulu, hata akipata mengine yote.

Kesho yake alirudi, akayapata maswali kumi na moja, na la saba akalijibu A. Keshokutwa vilevile. Mkewe aliliona kutoka upande wa pasi.

"Wewe mwanamume, jibu wamekuambia ni B. Piga kengele ya hatari, ubaki nje. Weka B tuendelee na maisha."

"Najua ni B."

"Sasa?"

"Najua ni B," alirudia, "lakini mkono unakwenda A. Kijiti yuko pale chini, mke wangu. Namwona soksi."

Mkewe aligeuza koti na kuanza mkono wa pili.

Wiki iliyofuata binti naye aliifikia kozi ya nne. Kwenye swali la saba alibonyeza B kabla hajamaliza kulisoma, na skrini ikawa kijani. Baba yake, aliyefika mapema siku hiyo, alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Haraka hivyo?"

"Si ndilo jibu, baba?"

"Ndilo. Na aliye chini akiwa ni mimi?"

Binti alitazama ile B ya kijani kwa muda mrefu. Kisha aliifuta kozi yote ya nne, akaianza upya kutoka video ya kwanza.

Alikuwa kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, na alikuwa amengoja nafasi kwenye meli kwa miezi kumi na tisa. Wiki hiyo nafasi ilipatikana, kwenye kampuni ileile, kwa sababu ndiyo pekee iliyochukua makadeti. Meli ingeondoka Ijumaa. Jumatano mchana karani wa mafunzo mwenyewe alikuja nyumbani, mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa na sauti ya upole, maana simu ya binti ilikuwa haipokelewi wakati wa masomo.

"Pole sana dada," alimwambia mke wa marehemu.

"Nimeshapoa. Na wewe pole na kazi."

Karani alimwona serahangi mezani. "Shikamoo, serahangi," alisema.

"Marahaba. Karibu, kaa. Kuwa mwangalifu na kutu."

Karani alikaa ukingoni mwa kiti, akatoa karatasi. "Mwanangu, umefika kozi ya ngapi?"

"Ya nne," binti alisema.

"Ya nne! Kati ya kumi na nne! Wewe unaisoma hii kitu kama Kurani?"

"Wameandika tusome kwa kasi yetu."

"Wameandika, ndiyo. Wao hawana wakaguzi Jumatatu. Nipe neno la siri, kesho saa nne asubuhi uko kijani kutoka juu mpaka chini, keshokutwa uko melini. Sikufanyii ubaya. Huu mwaka nimeshawafanyia watu mia mbili na arobaini."

"Na mimi ulinifanyia," serahangi alisema.

"Nilikufanyia, baba. Tisini na sita. Ulikuwa wa pili kwa alama."

"Ahsante. Nilitaka kukuuliza. Kozi ya nne, swali la saba, ulijibu nini?"

Karani alifikiri kwa uaminifu. "Sikulisoma," alisema. "Pale mtu husomi, unakwenda na herufi. Ikikataa A unaweka B, ikikataa B unaweka C. Swali moja sekunde nne. Ukisoma, humalizi."

"Nimeelewa," serahangi alisema, na kweli alionekana ameelewa. "Mimi nalisoma. Ndiyo maana simalizi."

Pasi ilitoa mvuke. Moto wa jiko ulikuwa chini, na karani alianza kupiga miayo, basi mama akaenda kulifungua dirisha zaidi. Binti alimtazama baba yake amwambie la kufanya. Baba hakumwambia. Alisema tu, akiitazama mikono yake, "Mimi nilimpa. Sikulazimishwa. Nilikuwa na haraka."

"Nitamaliza mwenyewe, mama," binti alimwambia karani.

"Meli haitakungoja, mwanangu."

"Najua."

Karani alikunja karatasi yake bila hasira. Alipokuwa akivaa viatu alisema kwamba binti yake mwenyewe naye ana kichwa kigumu hivyohivyo, anasomea uuguzi, na kwamba yeye angependa kuacha kazi hii lakini ofisini hakuna mwingine anayejua maneno yote ya siri. Akaaga. Jumatatu wakaguzi walikuja, wakakuta mabaharia wote ni kijani, wakaipongeza kampuni.

Ijumaa meli iliondoka na kadeti mwingine. "Miezi kumi na tisa," mama aliiambia pasi. "Miezi kumi na tisa mtu anangoja, mlango unafunguka, anakataa kuingia." Aliisema siku nzima, kila koti mara moja. Jioni, alipoenda kuchukua kijiko, aliiona ile barua. Alikaa kidogo na droo ikiwa wazi. Tangu hapo hakuisema tena, na kila asubuhi alimwekea binti yake chai pembeni ya kompyuta kabla hajaamka.

Binti alimaliza kozi ya kumi na nne baada ya wiki tisa, akiwa na madaftari mawili yaliyojaa maneno ya baba yake. Miezi miwili baadaye meli nyingine ya kampuni ilipungukiwa kadeti, na yeye ndiye aliyekuwa kijani siku hiyo. Siku ya kuondoka baba hakuwepo, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Alikuwa amemwachia kwenye gunia la mlangoni nyundo yake ndogo ya kugongea chuma.

Serahangi aliendelea kuja. Sasa mkewe ndiye aliyekaa pembeni yake kwenye herufi N. Mumewe alikuwa amefaulu kozi kumi na tatu, na ile ya nne ilikuwa nyekundu.

Siku ya arobaini na moja ya safari, ofisa mkuu alimtuma binti na baharia mmoja mfupi, ambaye kwa kutochoka kwake aliitwa Betri, wakalikague tangi la mbele. "Ni dakika mbili tu," ofisa mkuu alisema. "Kipimo cha hewa kiko stoo, msihangaike nacho."

"Nakifuata," binti alisema.

"Wewe kadeti unapenda kutembea," Betri alimtania. "Nenda, utanikuta nimeshamaliza na nimeoa."

Aliporudi na kipimo mfuniko ulikuwa wazi na Betri hakuwa juu. Binti alimulika tochi. Alikuwa amelala ubavu chini ya ngazi, kiatu kimoja kimemvuka, na aliona soksi yake, ya bluu, imetoboka kisigino.

Mguu wa binti ulikuwa umeshavuka ukingo wa mlango. Yeye mwenyewe hakujua ulivuka lini. Kwenye pua alisikia harufu ya pasi na ya gesi, akaona moto mdogo wa bluu ukisinyaa chini ya sufuria. Akaurudisha mguu. Akabonyeza redio, akaita hatari mara tatu, akataja tangi na idadi ya watu waliomo. Akakishusha kipimo kwa kamba yake, kikasoma oksijeni asilimia kumi na mbili, mahali panapotakiwa karibu ishirini na moja. Akaivuta feni ya hewa, akaielekeza ndani. Kisha hakukuwa na kingine cha kufanya. Alipiga magoti mlangoni, akamsikiliza Betri akikoroma, akaongea naye: kwamba asilale, kwamba ni mjinga, kwamba nani atakubali kuolewa na mtu mwenye soksi ile. Zilikuwa dakika nne. Ndipo wakaja wenye mitungi ya hewa mgongoni, wakamtoa.

Meli ilipofika bandarini alipiga simu nyumbani. Ilikuwa saa tisa mchana. Mama aliiweka simu mezani, sauti juu, pembeni ya kompyuta, na binti akawaeleza yote.

"Yuko hai?" mama aliuliza.

"Yuko hai. Kichwa kinamuuma, na anadai kiatu chake."

"Na huyo ofisa wako mkuu?"

"Ameandika kwenye kitabu cha meli kwamba hewa ilipimwa kwanza. Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Serahangi aliinamia simu. "Dakika nne ni nyingi," alisema.

"Ni nyingi, baba."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia."

"Ukaurudisha."

"Nikaurudisha."

"Haya, Kepteni," alisema. "Ule, ulale."

Simu ilipokatika aliifungua kozi ya nne. Alijibu maswali sita, akafika la saba, akalisoma lote tangu mwanzo, midomo ikitembea. Kidole chake kilining'inia juu ya A. Kidole kikashuka taratibu kwenye B, kikabaki pale muda mrefu kama cha mtu anayezuia mlango, kisha kikabonyeza. Ilikuwa kijani. Alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, na uso ukabaki na mstari wa kutu.

Maswali mengine mawili aliyakosa kwa uchovu. Alipata alama themanini na tatu. Asilimia yake ilipanda ikafika mia.

Ofisini hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu ilikuwa mia tangu zamani. Mkewe alichapisha cheti kwenye duka la vifaa vya shule, akakipeleka kwa kampuni pamoja na nakala ya ile barua, akaomba neno uzembe liondolewe. Baada ya wiki mbili walimjibu kwa adabu. Walisema kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba marehemu alishafaulu kozi hiyo kabla ya ajali, tena kwa alama nzuri zaidi, na kwamba barua yao haibadiliki. Karani wa mafunzo ndiye aliyeichapa. Chini kabisa, kwa kalamu, aliongeza salamu kwa serahangi.

Mke aliliweka jibu hilo kwenye droo ya vijiko, juu ya ile barua ya kwanza. Cheti alikitundika ukutani, juu ya jiko.

Jumatatu yake alibandika maji ya chai. Saa nane u nusu mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mumewe, akavua buti, akazipanga juu ya gunia. Nyuma yake alisimama mtu mwembamba mwenye kutu mpaka kwenye nyusi, brashi ya rangi mkononi, anaogopa kukanyaga sakafu.

"Habari, shemeji," Kijiti alisema. "Serahangi anasema hapa mtu anasoma kwa kasi yake."

"Buti," mke alisema.

Kijiti akavua. Soksi zake zilikuwa zimetoboka zote mbili. Mke alimsogezea kiti, akayahamishia makoti ya wauguzi chumbani, kisha akarudi na kufungua dirisha la pili.